Nilichomficha Mama Mbele ya Daktari

Nimekosa, jamani. Sitafuti wa kunitetea, maana hata mimi mwenyewe nimeshindwa kujitetea. Nataka tu kulitoa hili kifuani kabla halijanimaliza.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, nina kazi ya ofisi hapa Garissa. Baba alipofariki, nilimtoa mama kijijini kwetu Hadado, kule Wajir, nikamleta mjini. Nilijiambia amechunga ngamia maisha yake yote, sasa akae, ale, ahudumiwe. Kwetu mama aliyenawiri ni sifa ya mwanawe. Nami nilizitaka hizo sifa, wallahi!

Kule Hadado alikuwa akinywa maziwa ya ngamia, anatembea mchana kutwa, na akishaswali isha tu, yuko usingizini. Kwangu alipewa wali, pasta, sambusa, na chai ya sukari kikombe juu ya kikombe. Na nyumba ikajaa. Kila jamaa aliyetoka Wajir alipitia kwangu kumsalimu mama, na kitanda chake kilikuwa hapo hapo sebuleni. Wageni walitafuna miraa na kupiga gumzo hadi saa nane za usiku, na mama asingeweza kulala mpaka waage. Alfajiri yuko macho tena kwa swala. Na mimi, mjinga, nilikuwa najivunia!

Mwaka wa tatu akaanza kuishiwa nguvu. Kiu isiyoisha, miguu kuvimba, kichwa kumuuma kila siku. Nikampeleka hospitali. Daktari hakujua Kisomali na mama hakujua Kiswahili, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi.

Daktari alisoma vipimo, akaweka kalamu chini. "Mama ana sukari, na presha iko juu sana. Dawa nitampa, lakini dawa peke yake haitoshi. Chai anywe bila sukari, wali apunguze, chakula cha jioni ale mapema. Analala saa ngapi?"

"Mapema tu," nikasema.

"Basi mwambie aendelee hivyo. Kula vibaya na kukosa usingizi, hayo mawili yakikutana yanammaliza mtu polepole."

Mama akaniuliza, "Anasemaje?"

"Hooyo, mama yangu, anasema ni uchovu wa umri tu. Utameza dawa, utapona inshallah."

Akanishika mkono. "Mwambie sijalala vizuri tangu nije Garissa. Mwambie aniruhusu nirudi Hadado. Mimi nikikuomba hunisikii, labda yeye utamsikia."

Nikamgeukia daktari. "Anasema asante."

Lo! Mdomo huu wangu!

Niliogopa aibu. Mgeni akimkuta mama anapewa chai isiyo na sukari, si atasema mtoto ni bahili? Nikiwaomba watu waondoke mapema, si watasema mke wangu amewafukuza? Na mama akirudi kwenye vumbi la ngamia, nitaonekana mwana gani?

Basi sukari ikaendelea, na gumzo likaendelea, miaka miwili mingine. Kuna siku alisinzia ameketi katikati ya wageni, kikombe kikamponyoka, chai ikamchoma paja. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Asubuhi moja akitawadha, kiharusi kikamwangusha. Alikaa siku nne bila kutamka neno, akaenda zake. Inna lillahi. Tulimzika hapa hapa Garissa. Hadado hakuiona tena.

Dada yangu alipofika msibani aliniuliza mbele ya watu, "Walaal, ndugu yangu, kwani daktari hakuwaambia kitu?"

"Hakusema kitu," nikajibu.

Mpaka leo dada anamlaani yule daktari kila mahali anapokaa, na mimi namsikiliza tu. Sina uso wa kumwambia ukweli.

Ndugu msomaji, kama una mzazi nyumbani, usimpime heshima yake kwa sahani. Mwache alale! Funga mlango, waambie wageni mama amelala, na anayetaka kununa anune. Na ukisimama kati yake na daktari, fikisha kila neno, la huku na la kule, hata likikuaibisha. Mama aliniomba nimfikishie maneno mawili tu. Leo ningeyasema hata barabarani kwa sauti, lakini yeye hayupo wa kurudi Hadado.