Maharage kwa Mgeni

Nilipoanza kazi ya utabibu Murusagamba, karibu na mpaka wa Burundi, nilikuwa na hotuba moja, nayo nilimpa kila mwenye presha: punguza chumvi, acha nyama na mafuta, kula maharage, mboga za majani na matunda. Niliitoa haraka haraka, macho yangu kwenye faili. Subira sikujaliwa, na wagonjwa walilijua hilo kabla yangu.

Mzee mmoja aliyekimbia Burundi akiwa kijana aliisikiliza mara tatu. Alikwisha kupata kiharusi kidogo akapona, nami niliogopa kwamba cha pili kingemwondoa. Mara ya nne alinikatiza.

"Daktari, maharage nimeyala kambini miaka mingi. Sasa nina mbuzi wangu. Unataka nirudi kambini?"

Nilimjibu ovyo kwamba shauri lake. Baadaye niliona aibu, nikaamua kwenda kwake Jumapili nizungumze na mkewe, maana ndiye mpishi. Nikatuma ujumbe kwamba ninakuja. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu kwao mgeni aliyetoa taarifa mapema namna hiyo hapewi maharage.

Nilikuta mbuzi kachinjwa. Tena, kwa kuwa mimi ni Mwislamu, binti wa wafanyabiashara wa Biharamulo mjini, mzee alikuwa amemtuma mtu kwa baiskeli tangu asubuhi kumfuata Mwislamu wa kijiji cha pili aje achinje, ili nisipate shida ya kula. Ningekataaje? Nilikula. Mzee naye alikula kwa furaha, na mkewe akaniongezea mchuzi. Maneno niliyokwenda nayo nilirudi nayo.

Kliniki iliyofuata presha yake ilikuwa juu kuliko siku zote. Nilipoanza hotuba yangu alitabasamu.

"Mbona wewe ulikula, binti yangu?"

Nilimwomba anialike tena, ila safari hii nipikiwe kile ninachomwagiza yeye ale. Alicheka, akadhani natania.

Mkewe hakucheka. Nilipofika na kumwamkia shikamoo, aliniitikia marahaba kwa sauti ndogo, akanivuta jikoni.

"Majirani watasema daktari amekuja tumempa maharage. Watasema tumeishiwa."

Nikamwambia waache waseme. Niliketi mkekani, mlango wazi, nikala ndizi zilizopikwa na maharage, pamoja na kisamvu, ambacho wao hukiita isombe, kimetwangwa kikalainika. Kilikuwa kitamu, wala sisemi kwa adabu tu. Niliomba kuongezewa. Mzee alinawa mikono, akavuta sahani yake na kuanza kula polepole. Aliimaliza.

Mkewe alinisindikiza hadi barabarani. Huko ndiko alikonieleza kwamba walimzika mtoto wao wa kwanza kambini, na siku ile waombolezaji walikula maharage kwa kuwa hapakuwa na kingine. Tangu watoke kule, mumewe hakuwahi kuyatia mdomoni.

"Leo amekula," alisema, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Nami nililia, nikitembea peke yangu. Mzee yule nilimpa hotuba kila alipokuja kliniki, na swali hata moja sikumuuliza.