Bei ya Kumsafisha Yorlenis

"Nikirudi, Wagringo wenyewe watatafuta mkalimani."

Maneno hayo Yorlenis Pacheco aliyasema kwenye maikrofoni ya picó, ule ukuta wa spika wenye picha ya simba ambao mtaa wetu wa Rebolo, hapa Barranquilla, hauwezi kufanya sherehe bila yake. Ilikuwa siku ya kumuaga. Mwenye picó, jirani yetu aitwaye Nayo, alimpa maikrofoni ashukuru majirani. Yeye akatoa tambo la kuwashinda Wamarekani kwa Kiingereza chao. Kwetu neno likishapita kwenye picó halirudi. Afadhali hata uliloliapia kwa wakili.

Hatukumlaumu, maana safari ile ilikuwa yetu sote. Tulichezesha bahati nasibu ya nguruwe (akashinda padri, wala hakuna aliyeshangaa). Mama yake, Edilma, anayekaanga arepa za mayai, vile vitumbua vya unga wa mahindi, pale kona, aliuza televisheni, kitanda cha chuma na mkufu wa ubatizo. Kilichosalia ni friza tu, kwa sababu ndiyo inayogandisha juisi anazouza mchana. Miami hatukuweza hata kuiota. Yorlenis akaenda Trinidad, Port of Spain, miezi kumi, kwenye chuo kinachowafundisha Kiingereza watu wa mifuko kama yetu.

"Kujifunza lugha ugenini," aliniambia baadaye, "ni kuwa mtoto upya ukiwa na nywele kwapani."

Wiki za kwanza aliitikia ndiyo kwa kila kitu. Aliitikia ndiyo, akamwagiwa pilipili kwenye mkate wa dengu mpaka masikio yakaziba. Aliitikia ndiyo tena, akajikuta kwenye kwaya ya kanisa ambalo si lake. Huku kwetu alikuwa mtu wa mizaha. Kule akawa mpole, maana mzaha ukichelewa kidogo tu unageuka hotuba. "Nilikuwa naishi na binti mmoja mnyamavu," alisema, "mwenye pasipoti yangu."

Aliyemfungua ulimi ni mwenye nyumba wake, Bi. Ermine. Asubuhi Yorlenis alikuwa darasani, jioni barazani kwa bibi huyo, wakichambua mboga.

"Binti, umemeza kamusi?" Bi. Ermine alikuwa akimwambia. "Iteme basi, tuongee."

Siku Yorlenis alipotania wigi la Bi. Ermine, na bibi akacheka mpaka akashika ukuta, binti aliingia chooni akalia. Yule mtu wake wa mizaha alikuwa amerudi. Hilo halimo kwenye cheti chochote, na ndilo pekee alilolifuata kule, ingawa hakulijua.

Cheti nacho alikipata, tena cha alama za juu. Akarudi na Kiingereza kinachopanda na kushuka kama wimbo. Rebolo tulikipokea kama mtoto wetu, kwa kuwa tumelelewa na santuri za visiwa vile. Baba zetu wameziimba tangu ujana bila kuelewa hata neno moja. Jirani Nayo alipomsikia akiongea alizima picó yake, jambo ambalo hata polisi hawajaliweza.

"Sikilizeni," akasema. "Santuri imeota miguu."

Basi Yorlenis akapanda kwenda kaskazini mwa jiji, kwenye taasisi moja ya lugha iliyotangaza nafasi ya mwalimu. Kwenye mtihani wa kuandika akawa wa kwanza. Akapewa darasa la majaribio, watoto wa matajiri ambao husinzia hata wakitekenywa. Nao wakaongea, wakacheka, wakabishana kwa Kiingereza mpaka kengele. Ndipo akaitwa na mkuu wa taasisi, Dokta Milagros de la Hoz. Udokta huo usikutishe. Kwetu kila mwenye kiyoyozi ofisini ni Dokta.

"Umefanya vizuri sana, mrembo," Dokta akasema. "Ila hicho ni Kiingereza cha visiwani."

"Ndiko nilikosomea, Dokta. Kule ndiyo lugha yao ya nyumbani."

"Najua. Lakini wazazi wanalipia sauti ya Kimarekani. Ile ya sinema."

"Na nafasi amepewa nani?"

Dokta akaonyesha kwa kidevu. Nje ya kioo alisimama Joost, kijana mwenye ndala na begi la mgongoni, aliyekuja kucheza kanivali akaishiwa nauli ya kuondokea.

"Huyo ni Mholanzi, Dokta. Kiingereza kwao ni cha kufundishwa, kama kwetu."

"Uso unasaidia, mrembo."

Mimi hapo ndipo damu hunichemka. Bi. Ermine amebembelezwa kwa Kiingereza, amechapwa kwa Kiingereza, na atazikwa kwa Kiingereza, halafu kinapimwa na mwanamke ambaye chake kinaishia kwenye salamu, na kinaitwa kibovu. Joost simlaumu. Yeye mwenyewe alimwambia Yorlenis pale koridoni, "Mimi nilidhani wanatafuta mtu wa kupaka rangi kuta."

Dokta hakuwa na roho mbaya, alidai. Akampa Yorlenis njia mbili: awe msaidizi, amwandalie Joost masomo yote na kumsahihishia kazi, au ajiunge na kozi ya kusafisha lafudhi, na akimaliza watamtazama upya. Kusafisha, eti. Kana kwamba binti wa watu alirudi na matope ulimini.

Jioni Edilma alisikiliza habari yote bila kuacha kugeuza arepa.

"Kwa hiyo wakikusafisha, kazi utapata?"

"Wamesema watanitazama, Mama."

"Basi tuuze friza."

"Mama, hapana."

"Wewe ulisema kwenye picó, mwanangu. Ninayeulizwa hapa kona kila siku ni mimi."

Kesho yake Edilma alivaa viatu vyake vya mazishi, akamfuata binti mpaka mapokezini pa taasisi.

"Mwanangu," akamwambia msichana wa mezani, "nimekuja kuuliza bei ya kumtoa huyu sauti."

"Kozi ya lafudhi, bibi? Ni ya mwezi mmoja."

"Na hiyo sauti mkishaitoa mnaitupa wapi?"

Msichana akacheka. Edilma hakucheka.

"Anafundisha nani?"

"Mwalimu Joost."

Edilma akamgeukia Yorlenis. "Yule Mholanzi?"

"Ndiye huyo, Mama. Yule pale mlangoni."

"Haya, sema kitu kwa Kiingereza chako."

"Niseme nini?"

"Chochote. Nimekilipia, nikisikie."

Yorlenis akasema. Alisema kile ambacho Bi. Ermine angesema kuhusu duka linalouza nyuso, kwa sauti ileile ya kupanda na kushuka, bila kupunguza hata kidogo. Waliokuwa vitini wakainua vichwa. Pale mlangoni Joost akacheka mpaka akaegemea fremu.

"Wewe," Edilma akamwita, "umemwelewa?"

"Kila neno, mama," Joost akajibu kwa Kihispania chake cha kuchechemea.

"Basi friza haiuzwi," Edilma akasema, akamshika binti yake mkono.

Kozi ilikuwa peso laki sita na elfu themanini, kitabu kando.