Sauti ya Mwalimu Chini ya Kitambaa

Nilipoanza kazi ya kutengeneza kompyuta mjini Nyeri, miaka ile ya tisini, adui yangu mkubwa hakuwa stima ya kupoteapotea. Adui yangu alikuwa kitambaa. Msicheke, nawaambia ukweli. Kitambaa cheupe cha kufumwa kwa mkono, chenye maua pembeni, kile ambacho akina mama wa huku Mlima Kenya hutandaza juu ya kila kitu sebuleni: viti, meza, redio, televisheni, hata thamosi ya chai. Kompyuta ilipofika, nayo ikavishwa.

Mimi si mtu wa huku. Kwetu ni magharibi, na nililetwa Nyeri na kazi ya kufundisha umeme katika chuo kidogo cha ufundi. Chuo kilipopunguza walimu, wa kwanza kupunguzwa alikuwa yule asiye na mjomba ofisini. Nani mwingine? Nikaona haya kurudi nyumbani kuulizwa maswali. Nikakodi chumba ghorofani, nyuma ya duka la vitabu, nikachorewa bango: MATENGENEZO NA USHAURI WA KOMPYUTA. Watu walikuwa wakipanda ngazi kulicheka hilo neno la ushauri.

"Ati ushauri? Fundi, wewe tengeneza tu. Ushauri tuko nayo mingi nyumbani."

Basi nikatengeneza. Kazi ilikua polepole, kwa kuambizana. Shule moja ya wasichana iliniita, mwalimu wa shule hiyo akamwambia dada yake aliyekuwa na duka la kupiga chapa huko Gakindu, na yule dada akaniambia habari za ofisi moja Sagana. Kila nilipokwenda nilibeba bisibisi na brashi, na kila nilipofungua mashine nilikuta kitu kilekile. Nyuzi. Nyuzi za pamba zimejisokota kwenye feni, na juu ya mashine kitambaa kimekaa vizuri, kimepigwa pasi.

"Mama, hii mashine inapumua. Ukiifunika inashikwa na joto, inakufa."

"Na baridi je?"

Hapo ndipo niliposhindwa, kila mara. Mtu ambaye hajalala Othaya mwezi wa saba hawezi kuelewa. Ukungu unashuka asubuhi na hauondoki mpaka jioni, nguo hazikauki, watu wazima wanavaa sweta mbili na koti juu yake. Huku kitu ukikipenda unakifunika. Sasa mimi nikamwambie mama wa watu aiache kompyuta wazi kwenye baridi hiyo? Nilieleza. Nilichora picha. Siku nyingine nilipandwa na hasira nikafoka, kwa maana mimi hasira zangu ziko karibu. Walinisikiliza kwa heshima, wakanipa chai, wakakubali kila neno. Nikifika langoni nikigeuka, naona kupitia dirishani kitambaa kimerudishwa.

Mteja niliyempenda kuliko wote alikuwa mwalimu mstaafu, huko kwenye vilima vya Othaya. Alinunua kompyuta ili aandike habari za ukoo wake, na kila baada ya kurasa chache aliniita kwa sababu maandishi "yamekimbia." Hayakuwa yamekimbia. Alikuwa anataka mtu wa kuongea naye.

"Mluhya wangu amefika! Pole, leo kuku amekataa kuchinjwa. Utakula mukimo wa viazi."

"Mwalimu, kila siku kuku wako anakataa."

"Ni kuku amesoma. Nilimfundisha mwenyewe."

Mkewe alikuwa mama mpole mwenye vidole visivyotulia. Alikuwa ameifumia ile kompyuta nguo kamili: kofia ya kioo, shuka ya kibodi, na kwa lile sanduku lenyewe, gauni refu lililofika mezani na kuziba matundu yote ya nyuma. Haki ya Mungu, hata mimi sijawahi kushonewa nguo kwa uangalifu kama ule.

"Mama, hili gauni litaiua."

"Wee fundi, kwani hauoni venye kunanyesha?"

Mwalimu alinikonyeza jicho. "Wachana na yeye. Hata mimi amenifunika miaka yote, na bado niko."

Kisha koo lake likaanza. Kwanza sauti ikakwaruza, halafu ikawa inakatika katikati ya maneno. Madaktari wakasema watapasua, na kwamba sauti haitarudi. Aliponiita safari hiyo hakutaja kuku. Watoto wake wote walikuwa wameoa na kuolewa, na mzee alimbariki kila mmoja siku ya harusi kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu. Alibaki kitinda mimba, msichana ambaye hata mchumba hakuwa naye bado.

"Wewe ulisema hii mashine inashika sauti," akaniambia. "Basi ishike yangu, ndio siku yake ikifika asikie."

Nilirudi na maikrofoni. Mwalimu akamtuma mkewe jikoni, na jiko lao lilikuwa nyumba nyingine kule nyuma. Alisema hataki mtu yeyote asikie kabla ya siku ya harusi, hata mama mwenyewe. Nililivua lile gauni, nikalikunja, nikaweka maikrofoni juu yake mezani, maana mzee alikuwa na tabia ya kugongagonga meza kwa vidole akiongea. Nikavaa vipokea sauti vya masikioni. Akaanza.

Aliongea Kikuyu. Kikuyu changu wakati huo kilikuwa cha kusalimia na kununua viazi. Nilichofanya mimi ni kutazama mstari wa kijani kwenye kioo, usipande sana, usishuke sana. Najua alicheka mahali pamoja. Najua alikohoa, akaomba maji kwa mkono, akaendelea. Najua kuna mahali alinyamaza akatazama dirishani mpaka nikadhani amemaliza. Neno moja nililijua kwa sababu alilirudia rudia pale mwishoni, *thaai*, neno lao la amani wanapoomba. Kisha akainama mbele, akatema mate kidogo, yale ya wazee wao wanapobariki, manyunyu tu, kuelekea mashine. Yakaangukia kitambaa. Mimi fundi nikaruka na leso yangu nifute. Akanishika mkono.

"Wacha ikae. Kanisa itanisamehe."

Nilitaka kutengeneza nakala. Zile diski ndogo za mfukoni zisingetosha, na mashine ya kuandika kwenye sidii mjini Nyeri hatukuwa nayo, ingebidi niipeleke kompyuta Nairobi. Mwalimu akakataa katakata. Maneno ya binti yake yazungushwe Nairobi, kwa watu hawajui hata anaitwa nani? Yakae hapahapa nyumbani. Nilisema, nikarudia, nikanyamaza. Utambishia vipi mtu anayehesabu maneno yaliyobaki kooni mwake?

Alifariki mwaka huohuo. Nilikaa nyuma kwenye mazishi nikilia, kamasi zinanitoka, na nilikuwa sielewi hata nyimbo zinazoimbwa.

Siku moja, muda baada ya mazishi, nilikuwa na kazi Othaya, nikapita kumjulia hali mama. Nikakuta kompyuta inanguruma ndani ya gauni lake, juu ya gauni pameongezwa shali ya sufu, na hakuna mtu anayeitumia.

"Mama! Nani anatumia hii?"

"Hakuna. Nimewasha ipate joto. Sauti ya mzee isishikwe na baridi huko ndani."

Nilishika kichwa. Nikaketi naye, safari hii bila kufoka, nikamweleza kwamba sauti imeandikwa kwenye kitu kinachozunguka ndani, kwamba adui yake ni joto, kwamba asiiwashe kabisa mpaka harusi. Nikamwomba aniruhusu niipeleke Nairobi. Akasema mzee alitaka ikae nyumbani, na yeye hawezi kumpinga sasa wakati hawezi kumjibu. Kuhusu kuwasha, alikubali. Alikubali vizuri sana, na chai akanipa. Nilipofika langoni sikugeuka. Niliogopa kuona.

Biashara yangu ilikuwa imekua kidogo wakati huo, nilikuwa na vyumba viwili, na wateja walikuwa wameanza kulizoea lile neno la ushauri. Ndipo ujumbe ukaja: kitinda mimba anaolewa, harusi ni Jumamosi, niende nitayarishe mashine. Nilifika nikabonyeza. Kimya. Sikutaka mama aone uso wangu, kwa hiyo nikajifanya nafunga waya, nikasema naipeleka dukani kidogo.

Nilipoifungua ilitoa harufu ya kuungua. Feni ilikuwa imefungwa kwa nyuzi nyeupe mpaka haikuzunguka. Hilo halikunitisha, kisanduku cha umeme nilibadilisha siku hiyohiyo. Kilichonitisha ni diski. Ilianza kuzunguka, ikasema tik, ikanyamaza, ikasema tik tena. Kila fundi anajua sauti hiyo. Niliihamishia mashine nyingine. Niliigonga kwa kidole, nikailaza ubavu, nikaigeuza. Nilimpigia simu rafiki wa Nairobi, naye akaniambia vitu kama hivyo hupelekwa ng'ambo, na hata huko si lazima wafaulu. Nilifunga mlango nikaiombea, jameni. Mtu mzima nimepiga magoti mbele ya chuma. Tik.

Siku mbili kabla ya harusi mama na binti wakapanda ngazi zangu. Binti nilikuwa namjua kwa picha tu, na kwa mbali siku ya mazishi, alifanana na baba yake mpaka macho. Mama akaitazama kompyuta imelala mezani matumbo nje, akaelewa kabla sijafungua mdomo.

"Imekufa?"

"Imekufa, Mama. Nimejaribu kila kitu."

Kisha akauliza, polepole, "Ni baridi, si ndio?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Miaka yote ile nimewafokea akina mama juu ya vitambaa, na sasa ushahidi ulikuwa mbele yangu, rundo la nyuzi kando ya bisibisi. Nikaangalia vile vidole vyake.

"Ndio, Mama. Ni baridi."

"Ningeongeza ingine juu," akasema.

Nikalifunika lile rundo la nyuzi kwa kiganja.

Binti ndiye aliyeuliza lile nililokuwa nikiliogopa. "Lakini si wewe ulikuwa na yeye? Wewe ulisikia yote. Alisema aje?"

Wote wawili wakanitazama. Mimi ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa ameyasikia maneno yale, tena kwa masikio mawili yaliyozibwa nisisikie kingine chochote, na sikuwa na hata moja la kumpa. Nilisema sikielewi Kikuyu. Nilisema nilikuwa natazama mstari. Niliona aibu. Basi nikampa nilichokuwa nacho: kwamba alicheka mahali, kwamba alitazama dirishani, upande wa majani chai, kwamba alisema *thaai* mara nyingi. Kwamba mwishoni alitema mate.

Mama akainua kichwa. "Alitema wapi?"

"Kwa kitambaa, Mama. Ile gauni. Ilikuwa imekunjwa hapo mezani."

Alikuwa amekuja na lile gauni kwenye kikapu chake cha kiondo, ili kompyuta ivishwe wakati wa kurudi. Akalitoa. Lilikuwa jeupe, limenyooka, linanukia sabuni.

"Ngai, Mungu wangu," akasema. "Na vile nimeifua."

Akaanza kulia, na mimi nikawa nimesimama hapo na brashi mkononi, sijui niiweke wapi. Binti akalichukua, akalikung'uta, akajitupia mabegani juu ya sweta yake.

"Mama, nyamaza. Mate ya Baba haitokangi na sabuni."

Jumamosi alilivaa hivyohivyo, juu ya shela, mbele ya kanisa zima. Watu wakanong'onezana kwamba bibi harusi amevaa kitambaa cha meza. Nilikuwa nimepanga spika zangu kwa ajili ya baraka, zikapigiwa nyimbo. Ilipofika zamu ya baba, pasta aliita kama ilivyoandikwa kwenye ratiba, hakuna aliyesimama, akaendelea na mengine.

Ile diski bado ninayo. Kila kilipokuja kifaa kipya nchini niliijaribu, na kila mara ilisema tik, mpaka siku moja ikaacha hata hiyo. Nimeoa huku, watoto wangu wanaota kwa Kikuyu, na siku hizi nabishana na wazee wa Othaya juu ya misemo yao na wakati mwingine wao ndio wanaoshindwa. Yule mzee angesema tena leo, kwa sauti ile ya kukwaruza, ningeelewa kila neno.