Kaseti Nyuma ya Spika

Mama alilegeza skrubu za boksi la spika. Aliingiza mkono nyuma, akatoa kaseti iliyofungwa nailoni.

"Humu mwizi asingefika," alisema, akimtazama baba mdogo.

Ilikuwa siku ya kuanua matanga ya baba, nyumbani kwetu ufukweni, Mwanza, miaka ile viwanda vya minofu ya sangara vilipokuwa vikimeza viwanja vya ziwani kimoja baada ya kingine. Baba mdogo alikuwa ameshapata mnunuzi. Kilichomzuia ni wosia, ambao baba aliusema kwenye kaseti kwa kuwa mkono wake ulikuwa umepooza. Mama akiikosa nyumba ile, hakuwa na pa kwenda ila chumba changu cha kupanga kule Butimba.

Nyuma ya spika kuna sumaku, na sumaku ndiyo kazi yangu. Nilikuwa nimetoka kuchapisha makala, katika jarida la nje, juu ya utando mwembamba wa chuma na nikeli: unavyoshika kumbukumbu, na sumaku ya jirani inavyoifuta. Mkanda wa kaseti ni binamu wa utando huo. Baba mdogo aliitembeza makala ile kwa majirani wote. Hakuelewa hata kichwa chake, lakini alijivuna kuliko mimi. Na mama, kwa kuogopa mwizi, alikuwa amemkabidhi fisi bucha.

Niliogopa. Ningeanzaje kuuambia ukoo kwamba mjane ameharibu wosia kwa mkono wake mwenyewe?

Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa na kauli siku hiyo. "Weka kwenye redio, mwanangu, tusikie."

Sauti ya baba ilitoka, ikazama, ikatoka tena. Kila mkanda ulipozunguka, sehemu iliyolalia sumaku ilikuwa tupu. Tulipata salamu nusu na kikohozi kizima. Kisha: "Nyumba hii namwachia..." Shhh. "...wangu."

"Mdogo wangu!" baba mdogo aliruka.

"Mke wangu," mama alisema. "Nilikuwepo."

Shangazi aliniamuru nirudishe. Nikarudisha, shimo lilikuwa palepale.

"Wewe ndiye msomi wa mambo haya. Hapo kasema nini?"

Mama alinikazia macho. Nilijua baba alisema nini, kama ninavyojua jina langu. Neno moja tu, na nani angenibishia?

"Hapo hakuna kitu, shangazi. Pamefutika. Atakayesema amesikia neno, amejisikia mwenyewe."

Mama aliinamisha kichwa. Nilijichukia.

"Basi hakuna wosia," baba mdogo alisema kwa furaha. "Zima."

"Usizime," shangazi alisema.

Mkanda ukaendelea kuzama na kuibuka. Halafu, wazi kabisa: "...mdogo wangu, nakuomba, shemeji yako asihamishwe hapa, hata..." Shhh.

"Na hapo si pamefutika?" baba mdogo aliuliza haraka.

"Hapo panasikika, ba'mdogo."

"Huyu anamtetea mama yake!"

"Anamtetea?" Shangazi alimgeukia. "Pale palipomfaa mama yake amekataa kutujazia. Hapa hata mimi na masikio yangu ya kizee nimesikia. Nyumba haiuzwi. Kaa chini."

Akakaa. Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja, na hakuna aliyeikumbuka redio.

"Na wewe binti yangu, huko masomoni," baba akasema, "nilitaka kukwambia..." Shhh.

Nikangoja. Shhh, mpaka mkanda ukaisha. Nikarudisha, nikarudisha tena, mimi niliyeandika kwa kalamu yangu kwamba kilichofutwa namna ile hakirudi.

Mama akaja kukaa karibu yangu.

"Alisema anajivunia wewe," alisema, macho yake yakiwa kwenye mkeka. "Alisema akikuwaza, hata maumivu yanapungua."

Baba hakuwahi kutamka maneno ya namna hiyo maishani mwake. Sikumuuliza mama kitu. Niliyapokea yote.