Wazee Waliokuja Kushtaki Kabla ya Kufa

Santina Akwero alikuwa karani wa majalada katika kituo kimoja cha polisi mjini Kampala, kazi aliyopewa baada ya mumewe, koplo, kufariki kwa homa ya ini. Kufikia mwaka 1974 alikuwa ameandika vifo vya watu kwa miaka tisa, na miguu ilimvimba kila ikifika saa nane mchana. Maiti zilikuwa nyingi siku hizo za utawala wa kijeshi, maswali machache. Sajenti Ogwal alimfundisha maneno ya kufungia jalada: "watu wasiojulikana". Ukishaandika hivyo hakuna aliyeuliza zaidi, maana kila mtu alidhani anawajua: askari.

Ndipo akaja Bisimwa, mwalimu wa chuo kikuu, mzaliwa wa Bukavu, na barua ya ruhusa mkononi. Alikuwa akichunguza mauaji ya wazee wa zaidi ya miaka sitini: waliuawa wapi, vipi, na nani. Kwa wiki tatu Akwero alimbebea majalada na kumsomea, yeye akiandika.

"Mama Akwero," Bisimwa alisema siku moja, "huyu mzee aliuawa kitandani kwake, na mlango haukuvunjwa. Askari gani huyo aliyefunguliwa mlango?"

"Hata mbwa hakubweka, Mwalimu. Jirani alisema hivyo, nami nikaandika."

Akwero akaenda kuleta kitabu cha malalamiko cha kaunta, ingawa hakuna aliyemtuma. Wakalinganisha majina. Kati ya wazee ishirini na sita waliouawa, kumi na mmoja walikuwa wamekuja kituoni wakiwa hai: mwanangu ananipiga, mpwa wangu ananinyima chakula, mkwe wangu anauliza nitakufa lini. Wote waliambiwa warudi nyumbani. Mistari mingine ilikuwa kwa mwandiko wa Akwero mwenyewe. Hakulia. Alifunika kitabu, amechoka kama mtu aliyejitwika mzigo wa mwenzake njia nzima.

Haukupita mwezi, Bisimwa akatoweka. Wengine walisema kavuka mpaka. Wengine hawakutaka kusema. Utafiti wake ukafia hapo.

Mvua za Aprili zilipoanza, bibi mmoja aliingia kituoni amefunga kitambaa shingoni. Aliitwa Phelister, Mjaluo, mjane wa fundi wa reli, mwenye nyumba ya vyumba viwili mtaani Namuwongo. Alikifungua kitambaa. Alama za vidole zilionekana wazi.

"Ni Owino, mtoto wa shemeji yangu," alisema. "Anataka nyumba. Ananiambia askari wakipita, mimi nitahesabika pamoja na wengine."

Sajenti Ogwal hakuinua macho. "Mama, hii maneno ya nyumbani. Polisi hapana ingia. Wewe rudi, ongea na mtoto yako pole pole."

Akwero aliishika kalamu. Alitamani sana kuandika mstari wake na kuendelea kukaa, maana miguu ilikuwa inawaka moto. Akainuka.

"Mama, una ndugu wapi?"

"Dada yangu yuko Kisumu. Lakini nyumba yangu, binti? Mume wangu aliijenga tofali kwa tofali."

"Ukirudi humo, mimi ndiye nitakayekuandika."

Phelister alikifunga tena kitambaa shingoni, akauliza basi linaondoka saa ngapi.

Alilala kwa Akwero, na asubuhi akapanda basi la Kisumu, bila hata sufuria. Baada ya siku mbili Owino alikuja kaunta akifoka, "Mama yangu amepelekwa wapi?" Akwero akajibu kwamba hajui. Owino akaihamia nyumba ile, akaipaka rangi, na hakuna aliyemgusa.

Barua ilifika mwaka uliofuata. Dada mtu aliandika kwamba Phelister alifariki kwa malaria, ameshikwa mkono, na mpaka mwisho alikuwa akiitaja nyumba yake. Akwero aliisoma akiwa amesimama. Kaunta ilikuwa na watu, akaikunja, akamwita wa kwanza.