Mungu Aliyesema Mtoto Yu Hai

Nilisafiri kwenda Morogoro kwa sababu ya swali la mhariri. Mimi na Mwanaidi, rafiki yangu tangu chuo cha ualimu, tumeandika riwaya ya miungu ya kubuni, yeye akiwa Bigwa, hapo Morogoro, na mimi Dodoma, tukitumiana sura kwa simu. Miungu hiyo haiwezi kusema uongo. Anayejaribu, ulimi wake hugeuka jiwe. Sasa, katika sura aliyoiandika Mwanaidi, mungu wa kike aitwaye Sembuka anamwambia mama mmoja, "Mwanao yu hai," kumbe mtoto keshakufa maji mtoni. Na ulimi wake hauwi jiwe. Mhariri akauliza: amedanganya, au hakujua? Kama hakujua, ni mungu wa namna gani? Bila jibu, kitabu hakichapwi.

Nilimwomba Mwanaidi tuibadilishe sura ile. Akajibu kwa ufupi: "Njoo tuongee."

Asubuhi nikapanda basi. Tulipoiacha Gairo niliamini Sembuka ni mwongo. Dumila, abiria wakinunua nyanya dirishani, nikaamini hajui tu, masikini. Nikashuka stendi ya Msamvu nikiwa bado nayapima yote mawili.

Bigwa, Mwanaidi alinipokea vizuri, lakini nilipoitaja sura akaweka kikombe chini.

"Siibadilishi, Stella."

"Kanuni tuliiweka wote wawili."

"Najua. Kesho nakwenda kumwona mama, huko juu Kinole. Twende wote."

Kesho yake tukakodi pikipiki mbili. Baada ya Mkuyuni barabara ilianza kupanda, udongo mwekundu umelowa, mipilipili manga imepanda juu ya miti na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Mwisho tukatembea kwa miguu.

Mama yake, Bi Zena, alikuwa barazani akimenya ndizi. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hatujaketi akamuuliza binti yake:

"Shabani mzima?"

"Mzima, mama."

Mwanaidi alisema hivyo kama mtu anayeitikia salamu. Shabani ni kaka yake, alikwenda machimbo ya dhahabu miaka mingi iliyopita na simu yake haikupatikana tena. Nikadhani labda zimekuja habari ambazo sijaambiwa. Bi Zena akanigeukia.

"Na wewe mwanangu, unatoka mbali. Umemwona?"

Nilimtazama Mwanaidi. Alikuwa anatazama sufuria ya ndizi.

"Sijamwona, mama. Sijui."

"Hujui aliko, au hujui kama mzima?"

"Vyote viwili, mama."

Akamrudia binti yake. "Na wewe?"

"Sijui, mama. Nasema mzima kwa sababu naamini hivyo."

Bi Zena akaokota kisu, akaendelea kumenya. Ndizi zilipoiva tulikula. Wakati wa kuaga alinipa mkono, akampa na Mwanaidi, lakini machoni hakututazama.

Tukiteremka, Mwanaidi alisimama katikati ya njia. "Umeridhika?"

"Sijui nimefanya nini."

"Sikuwa namdanganya. Ningejua amekufa nisingesema mzima. Ulimi wangu ungekataa."

Hapo nikapata jibu la mhariri: Sembuka alisema alichokiamini, na kanuni ya ulimi inapima moyo wake, haipimi mtoni kuna nini. Ningepaswa kufurahi. Badala yake nilikuwa nauona uso wa yule mama, na sikuweza kuamua nani kati yetu wawili aliyemtendea wema.

Nilirudi Dodoma na kwa majuma kadhaa hatukuandikiana. Nilijilaumu, kisha nikajitetea, kisha nikajilaumu tena.

Halafu Mwanaidi akapiga simu. Bi Zena ameteremka mwenyewe hadi Bigwa kwa lori la ndizi, na amekuja na jina la kijana aliyeondoka na Shabani, mtoto wa watu wa Kingolwira. Jina hilo alikuwa nalo siku zote.

"Nikamuuliza mbona hukuniambia," Mwanaidi alisema. "Akasema, kila ukija unaniambia mzima. Mzima anatafutwa?"

Mwanaidi alikuwa ameshafika Kingolwira. Ndugu wa yule kijana walimtajia kambi ya mwisho waliyokuwa wakichimba, na sasa anapiga simu huko kila siku. Shabani hajapatikana. Kama yu hai, kama hayupo, hakuna ajuaye.

Nilikwenda kutafuta mpaka wa ujuzi wa mungu, nikarudi na jambo dogo ambalo bado linanitatiza: mtu anaweza kuwa mkweli kabisa, na ukweli wake huo ukamkalisha mwenzake barazani miaka. Na mimi niliyesema sijui, sikusema kwa busara. Nilikosa neno jingine.

Juzi Mwanaidi alinitumia sura mpya bila mimi kumwomba. Mama anapiga magoti na kuuliza kama mwanawe yu hai. Miungu mingine inamwangalia Sembuka kwa aibu. Kisha anasema, "Sijui." Anashuka kutoka kitini na kumuuliza yule mama mtoto alipita njia ipi.