Nyatiti Iliyolia kwa Upepo

Uhuru ukiwa bado mbichi, baba mkwe alifariki, na nyatiti yake, ala ya muziki yenye nyuzi nane, ikabaki imetundikwa juu ya mlango wetu mtaani Manyatta. Kila alasiri upepo wa ziwa ulizitikisa nyuzi zikalia zenyewe. Hapo mama mkwe alisukuma sahani, akakodolea njia macho kama mumewe anarudi. Alikonda nikimwona. Mume wangu aliogopa kuigusa, na kwetu mwanamke hashiki nyatiti. Nikachoka. Nikapanda kigoda, nikazilegeza nyuzi zote.

“Wewe mwanamke, umemnyamazisha mzee!”

“Nimemlaza, Mama. Sasa kula.”

Alinitukana, akala, akanitukana tena, mpaka samaki akabaki miba.